Sauti ni Amana: Elimu ya Kupima Sauti na Maradhi ya Zoloto

(Nakala ya mawaidha yaliyotolewa mbele ya waalimu wa madrasa, maimamu na waadhini baada ya sala ya Isha)

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyemuumba mwanadamu akampa ulimi na uwezo wa kubainisha. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake, masahaba zake na kila aliyefuata mwenendo wao mpaka Siku ya Malipo. Amma baad.

Masheikh wangu, waalimu wenzangu, ndugu zangu katika imani. Sisi tuliokusanyika hapa ni watu wa sauti. Mkulima ana jembe lake, mvuvi ana wavu wake, na sisi mtaji wetu ni koo. Kwa koo tunaadhini, tunasomesha, tunasalisha na tunahutubu. Pamoja na hayo, hakuna kiungo tunachokitumikisha sana na kukijali kidogo kuliko koo. Nimeona basi tuzungumze juu ya neema hii, juu ya maradhi yanayoipata, na juu ya elimu ya zama zetu inayotumia sauti yenyewe kugundua maradhi hayo.

Nina sababu ya kulileta jambo hili. Wengi wenu mnamkumbuka mzee wetu aliyekuwa akiadhini katika msikiti wa mtaani kwetu. Sitamtaja jina. Sauti yake ilianza kukwaruza baada ya Ramadhani moja. Tukasema ni uchovu wa mwezi. Ilipofika Mfunguo Tatu tukasema ni umri. Tukampa asali na tangawizi. Wengine wakasema amefanyiwa hasadi, akaandikiwa kombe. Miezi minane ilipita. Alipofikishwa hospitali hatimaye, pumzi ilikuwa imeshaanza kumbana, na saratani ilikuwa imelienea zoloto lote. Ikabidi zoloto litolewe. Alhamdulillah, yu hai. Anapumua kwa tundu lililo shingoni, na adhana anaisikiliza tu.

Baadaye nilizisikiliza rekodi za adhana yake tulizokuwa nazo, za mwaka ule na za mwaka uliotangulia. Ndugu zangu, ushahidi ulikuwemo ndani ya rekodi zile. Sauti ilikuwa ikibadilika mwezi baada ya mwezi, nasi tulikuwa tukiisikia mara tano kila siku. Tuliisikia wala hatukuizingatia.

ELIMU HII SI NGENI KWETU

Mtu akisema kwamba kuichunguza sauti ni elimu ya kigeni, hajui historia ya umma wake. Al-Khalil bin Ahmad, aliyefariki katika karne ya 2 Hijria, alipotunga Kitabul-Ayn hakuzipanga herufi kwa mpangilio wa alifu, bee, tee. Alizipanga kwa mahali zinapotoka, akaanza na ayn kwa kuwa hutoka ndani kooni. Mwanafunzi wake Sibawayh akaendelea na kazi hiyo. Kutokana na hao na waliowafuata ndipo tukapata mlango wa makharij tunaowasomesha watoto wetu mpaka leo: hamza na hee hutoka mwisho wa koo, ayn na hee ya kooni hutoka katikati, na ghayn na khee hutoka mwanzo wake.

Kisha akaja Ibn Sina, aliyefariki mwaka 428 Hijria, sawa na 1037 Miladia. Aliandika risala ndogo juu ya sababu za kutokea kwa herufi. Humo alilieleza zoloto kwa jicho la tabibu: gegedu lililo mbele linalofanana na ngao, ambalo ukiweka kidole shingoni utaligusa, gegedu la pili ambalo wenyewe waliliita lisilo na jina, na la tatu linalofunika na kufunua. Haya ndiyo ambayo mwanafunzi wa udaktari anayasoma leo kwa majina mengine.

Lakini hao wote hawakuwahi kuziona nyuzi za sauti zikifanya kazi ndani ya mtu aliye hai. Aliyefungua mlango huo hakuwa hata daktari. Alikuwa mwalimu wa kuimba kutoka Hispania, Manuel García, ambaye mwaka 1854 alitumia kioo kidogo cha madaktari wa meno na mwanga wa jua, akaliona zoloto lake mwenyewe. Mwaka uliofuata alipeleka taarifa yake kwa jumuiya ya wanazuoni wa Uingereza mjini London. Zingatieni hilo, enyi waalimu: mtu aliyekuwa akisomesha sauti alijiuliza sauti inatokaje, na kwa swali lake matabibu wakapata chombo.

SAUTI HUTOKAJE

Ndani ya zoloto mna mikunjo miwili ya nyama laini, ambayo tunaiita nyuzi za sauti. Tukipumua huachana, hewa ikapita. Tukitaka kusema hukaribiana, na pumzi inayotoka mapafuni huzifanya zitetemeke. Kwa mwanamume nyuzi hizi hupigana kiasi cha mara 100 hadi 130 katika sekunde moja anaposema kwa kawaida. Kwa mwanamke ni mara 200 hivi, na kwa mtoto ni zaidi ya hapo. Tafakarini: mwalimu anayesomesha saa mbili mfululizo, nyuzi zake hugongana mamia ya maelfu ya mara. Subhanallah! Ni chuma gani kingevumilia hayo?

Nyuzi hizo zinapokuwa nzima hufunga vizuri na hutetemeka kwa mpangilio. Zikiota kinundu, zikivimba, au upande mmoja ukipooza, hazifungi sawasawa. Ni mfano wa mlango uliokwama kokoto chini yake: haufungiki, na upepo hupita kwenye ufa ukipiga mluzi. Mluzi huo ndio mkwaruzo tunaousikia kwa mtu aliyepwelewa na sauti.

MASHINE HUSIKIA NINI

Sote tunajua katika tajwidi kwamba makosa ni ya namna mbili: lahni jalii, anayoijua kila mtu, na lahni khafii, ambayo haijui ila fundi. Sauti ya mgonjwa nayo ni hivyo hivyo. Kuna mkwaruzo anaousikia kila mtu, na kuna hitilafu ndogo ambayo sikio hupitiwa nayo. Hii ya pili ndiyo ambayo kipimo cha kompyuta hutusaidia kuikamata.

Mgonjwa huketi mahali palipo kimya, mbele ya kipaza sauti, akaambiwa atamke "aaa" kwa mfululizo kadiri pumzi yake inavyomruhusu, kisha asome maneno machache. Kompyuta hupima mambo kadhaa. La kwanza ni kama mitetemo inafuatana kwa muda ulio sawa. Katika sauti nzima tofauti kati ya mtetemo na wa pili wake aghalabu haifiki hata asilimia 1. La pili ni kama nguvu ya kila mtetemo inalingana na ya mwenzake. La tatu ni kiasi gani cha sauti halisi kilichomo, na kiasi gani ni kelele ya hewa inayovuja. La nne ni muda ambao mtu anaweza kuivuta sauti kwa pumzi moja. Programu ya kufanya vipimo hivi si lazima iwe ya bei kubwa. Ile iitwayo Praat, iliyotungwa na wanazuoni wawili wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, hutolewa bure na hutumika duniani kote.

Sikio la mwanadamu halikuachwa. Mwaka 1981 daktari Hirano wa Japani alieneza mizani ambayo kwayo msikilizaji aliyefunzwa huipa sauti alama kuanzia 0 hadi 3 katika sifa tano: ukwaruzaji kwa jumla, ukali wake, uvujaji wa pumzi, udhaifu na ukakamavu. Kompyuta na sikio la fundi husaidiana.

Katika miaka ya karibuni wataalamu wamekwenda mbali zaidi. Wanaikusanyia kompyuta sauti nyingi za wagonjwa na za wazima, kisha wanaiacha ijifunze kutofautisha. Mji wa Saarbrücken nchini Ujerumani una hazina ya sauti za watu zaidi ya 2000. Nchini Marekani ulianzishwa mwaka 2022 mradi mkubwa wa serikali wa kukusanya sauti kwa ajili ya utafiti wa maradhi mbalimbali.

QARINA NA BAYYINA

Hapa nataka tusimame kidogo, kwa kuwa ni mahali pa kuteleza. Kwenye simu siku hizi zipo programu zinazodai kumwambia mtu ugonjwa wake kwa kumsikiliza tu. Je, tuziamini?

Tuliosoma mlango wa hukumu tunajua tofauti ya qarina na bayyina. Qarina ni dalili inayoashiria, na bayyina ni ushahidi unaothibitisha. Kadhi mwenye hekima haipuuzi qarina, wala hamkati mtu mkono kwa qarina peke yake. Kipimo cha sauti ni qarina. Kinatuambia kwamba nyuzi hazitetemeki sawasawa, lakini hakituambii kwa yakini ni kwa sababu gani. Kinundu kisicho na madhara na saratani changa huweza kutoa mkwaruzo ulio sawa kabisa. Bayyina ni daktari wa masikio, pua na koo kutazama ndani kwa kioo au kwa mpira mwembamba wenye kamera, na panapokuwa na shaka, kukata kipande kidogo cha nyama na kukipima maabara.

Isitoshe, kompyuta hujifunza kwa kile ilicholishwa. Hazina moja mashuhuri ya sauti iliyotolewa Marekani mwaka 1994 ilikuwa na wagonjwa mamia kadhaa lakini wazima 53 tu, na tena wazima na wagonjwa hawakurekodiwa wote katika mazingira yaleyale. Kompyuta ikaweza kujifunza kutofautisha vyumba na vyombo vya kurekodia, watu wakadhani imejifunza kutofautisha maradhi. Ndiyo maana programu iliyofaulu sana mahali ilipotengenezwa huweza kushindwa inapopelekwa kwingine. Na sauti zilizolishwa nyingi ni za Wajerumani na za wasemaji wa Kiingereza. Atakayetaka kuitumia kwa muadhini wa Tanga au mwalimu wa kike wa Lamu, kwanza aithibitishe kwa sauti za watu wa huko.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Tuseme kipimo kinapatia mara 90 katika kila 100, kwa wagonjwa na kwa wazima. Tukawapima watu 1000, ambao kati yao 10 ndio wagonjwa. Kitawapata wagonjwa 9 na kumkosa mmoja. Lakini katika wazima 990, kitawatia hofu 99 bila sababu. Kwa hiyo katika watu 108 walioambiwa wana maradhi, wenye maradhi ni 9. Mwenyezi Mungu ametukataza katika Suratul-Israa, aya ya 36, kufuata tusilokuwa na ujuzi nalo. Basi atakayeambiwa na simu kwamba ni mgonjwa asikate tamaa, aende akatazamwe. Na aliyeambiwa ni mzima ilhali sauti yake inakwaruza wiki ya tano sasa, naye pia aende akatazamwe.

Faida ya kipimo hiki ni mbili. Kwanza, humhimiza mtu aende kwa daktari mapema, hasa pale ambapo daktari wa koo yuko mbali na hakuna njia ya kuwapeleka wote. Pili, humfuata mgonjwa aliyekwisha kutibiwa, ikajulikana kwa tarakimu kama sauti yake inarudi au inazidi kuharibika.

MARADHI YENYEWE

Aghalabu mtu aliyepwelewa na sauti ana mafua tu, na hupona kwa wiki moja au mbili. Mengine ni haya.

Vinundu vya sauti ni kama sugu inayoota kiganjani kwa mwenye kushika jembe. Huota pande zote mbili za nyuzi, pale zinapogongana zaidi. Ni maradhi ya waalimu, ya wenye kupaza sauti na ya watoto wapiga kelele. Mara nyingi huondoka bila kisu, kwa kupumzisha sauti na kufundishwa namna sahihi ya kuitumia.

Kupooza kwa uzi mmoja hutokana na mshipa wa fahamu kuumia. Mshipa wa upande wa kushoto una maajabu: hushuka mpaka kifuani, ukazunguka chini ya mshipa mkuu wa damu, kisha ukapanda tena kooni. Kwa sababu hiyo uvimbe ulio kifuani huweza kujitangaza kwa sauti kukauka.

Watoto wana maradhi yao, ambayo ni vioteo vinavyoletwa na virusi na kuota ndani ya zoloto. Mtoto ambaye sauti yake inakwaruza siku zote, na pumzi yake ina mlio, asidhaniwe kuwa ana pumu tu. Vioteo hivyo huweza kuziba njia ya hewa.

Kifua kikuu nacho huweza kushuka kwenye zoloto. Na mwisho ni saratani. Sababu yake kubwa ni tumbaku, na ulevi ukiongezwa juu yake hatari huzidi. Wanazuoni wengi wa zama hizi wameharamisha sigara kwa madhara yake, na hapa pana dalili mbele ya macho yetu. Hata hivyo msimdhanie vibaya kila anayeugua. Mzee wetu hakuwa mvutaji.

Jambo la kutia moyo ni kwamba saratani iliyoanza juu ya nyuzi za sauti hujitangaza mapema, kwa kuwa hata doa dogo huharibu sauti. Ikikamatwa ikiwa changa, hutibika kwa mionzi au kwa upasuaji mdogo kwa wagonjwa zaidi ya 8 katika kila 10, na sauti ikabaki. Ikicheleweshwa, ndipo mtu hulipoteza zoloto zima. Tofauti ya hali mbili hizi ni miezi michache tu.

HUKUMU NA ADABU

Wako wanaosema kwamba kukimbilia hospitali ni udhaifu wa tawakkul. Bedui walimuuliza Mtume (s.a.w.) kama wajitibu, naye akawaamrisha wajitibu, akawajulisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa uzee. Ameipokea Abu Daud na Tirmidhi kutoka kwa Usama bin Sharik (r.a.). Dua na kisomo cha Qur'ani ni haki na ni sunna, wala havipingani na kwenda kwa daktari. Kosa ni kumzuia mgonjwa kwa jina la pepo na hasadi mpaka wakati ukapita. Mimi pia nilikuwa miongoni mwa waliosema ni uchovu wa Ramadhani, na ninamwomba Mwenyezi Mungu msamaha.

Mama zetu na dada zetu wasiache kutazamwa kooni kwa haya. Akipatikana daktari mwanamke ni bora. Asipopatikana, dharura ina hukumu yake, naye na awe na maharimu wake.

Wale watakaorekodi sauti za watu wajue kwamba rekodi ya mgonjwa ni siri ya mgonjwa. Isipitishwe kwenye simu za watu wakaicheka.

Na ambaye zoloto lake limetolewa, sala yake ni kamili. Kisomo kilichomshinda kimemwondokea, na moyo wake unatosha. Katika udhu hawezi kuvuta maji puani kwa pumzi, kwa kuwa pumzi haipiti huko tena. Basi apake maji kadiri awezavyo, na alikinge tundu la shingoni maji yasiingie. Tumwachie nafasi katika safu na katika mazungumzo. Asiyeweza kusema anaweza kusikia.

TUFANYE NINI

Kwanza, tujiwekee kikomo. Wataalamu wa Marekani katika mwongozo wao wa mwaka 2018 wamesema sauti iliyokauka isipopona ndani ya wiki nne koo litazamwe. Na asingoje hata hizo wiki nne mwenye pumzi kubana, kumeza kwa maumivu, kukohoa damu, uvimbe shingoni, au anayevuta sigara.

Pili, tuzipunguzie koo mzigo. Katika hadithi iliyomo ndani ya Bukhari na Muslim, Abu Musa al-Ash'ari (r.a.) amesimulia kwamba masahaba walipopaza sana sauti kwa takbira safarini, Mtume (s.a.w.) aliwaambia wajihurumie nafsi zao, kwani hawamwombi kiziwi wala asiyekuwepo. Vipaza sauti tunavyo. Muadhini hana haja ya kukamua koo. Katika madrasa tusiwaachie watoto themanini wasome kwa kupiga kelele nasi tukishindana nao. Tunywe maji katika nyakati zisizo za saumu. Tusile daku tukalala papo hapo, kwa kuwa tindikali ya tumbo hupanda ikalichoma koo. Na aliyepwelewa na sauti asinong'one kwa nguvu akidhani anapumzika, bali anyamaze.

Tatu, kila msikiti urekodi sauti ya muadhini na imamu wake mara moja kila mwezi, mahali pamoja, kwa chombo kimoja, akitamka "aaa" kwa pumzi moja. Hatuhitaji kuwa wataalamu. Siku atakayokwenda hospitali ataibeba historia ya sauti yake, na mwenye elimu ataisoma. Sisi tulikuwa na rekodi za mzee wetu, na hatukuwa na mtu wa kuzisikiliza.

Ndugu zangu, Mtume (s.a.w.) alipoletewa ndoto ya adhana na Abdullah bin Zayd, aliamuru Bilal (r.a.) afundishwe maneno yale, kwa kuwa sauti yake ilikuwa bora zaidi. Sauti njema ilihesabiwa tangu siku ile kuwa ni kitu cha dini. Basi tuitunze kama tunavyoitunza amana, na kesho baada ya Alfajiri, aliye na ndugu anayekwaruza tangu mwezi uliopita, amshike mkono ampeleke.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, azihifadhi sauti zetu katika utajo wake, na asizifanye hoja dhidi yetu.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.